Oili ya gia boksi ya Mercedes-Benz E240 ya mwaka 1999: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Tabora

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu anayeishi Isevya, mjini Tabora. Ana Mercedes-Benz E240 ya mwaka 1999, otomatiki, iliyoingia nchini kutoka Japani na kitabu chake cha Kijapani ambacho hakimsaidii. Kwa miezi michache sasa gari linashtuka linapobadili gia, na safari moja akitoka Nzega lilikataa kabisa kupanda gia mpaka alipolizima na kuliwasha upya. Fundi wa kwanza alimwambia atie Dexron III, aina ya oili ya gia za otomatiki, kwa kuwa haidroliki zote ni nyekundu na ni kitu kimoja. Wa pili alimuuzia kopo lililoandikwa kwamba linafaa magari yote. Aliyemuuzia gari, naye, alimwapia kwamba oili ya gia boksi hiyo haibadilishwi maisha. Juu ya hayo, gari halina kijiti cha kupimia. Anauliza atie oili gani, na atajuaje kwamba imetosha.

Shikamoo Mwalimu. Nimefurahi kusoma kwamba kopo hilo bado halijafunguliwa. Lirudishe dukani likiwa na lakiri yake kama mwenye duka atakubali, na asipokubali, liweke kando, kwani hasara ya kopo moja ni ndogo kuliko hasara ya gia boksi.

Jibu lenyewe ni fupi: tafuta oili ambayo kopo lake linasema imeidhinishwa na Mercedes-Benz kwa namba 236.14, nunua lita tisa, na usikubali imiminwe kabla sampo, yaani lile karai la oili lililo chini ya gia boksi, haijafunguliwa na filta haijabadilishwa. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu, kwa kuwa najua fundi wako atakubishia, na fundi mzuri ana haki ya kubisha mpaka aelezwe.

Oili ya gia haichaguliwi kwa jina la gari, huchaguliwa kwa namba ya gia boksi. Maandishi E240 yanayong'aa kwenye buti yanahusu injini, yaani ile V6 ya lita 2.4, na hayasemi lolote kuhusu kilicho chini ya sakafu. Mercedes ya umbo la 124, iliyolitangulia gari lako, kwa sehemu kubwa ilikuwa na gia boksi ya hatua nne, za jamii ya 722.3 na 722.4, ambazo zinaongozwa na shinikizo la oili na mpira wa vakyumu bila kompyuta yoyote. Hizo zina kijiti cha kupimia, na oili yake ni ya jamii ya Dexron II au III. Fundi wako wa kwanza, kwa hiyo, hakukudanganya. Amekujibu kuhusu gari jingine, lile alilojifunzia kazi.

Gari lako, la umbo la 210, kwa mwaka huo lina gia boksi ya 722.6, yenye hatua tano na inayoongozwa na kompyuta. Hata hivyo hakikisha kwa macho, maana 210 za mwanzo kabisa, za mwaka 1995 na 1996, baadhi zilitoka kiwandani na gia boksi za zamani, na magari yaliyopita mikononi mwa watu wengi huweza kubadilishiwa vitu bila kuandikwa popote. Gari likiwa juu ya stendi, fundi apanguse tope ubavuni mwa gia boksi, juu kidogo ya ukingo wa sampo, na atakuta namba iliyopigwa kwenye chuma ikianza na 722.6. Alama nyingine mbili ni plagi ya umeme ya mviringo, yenye pini 13, upande wa kulia kwa mbele, na lile bomba jembamba ndani ya boneti lenye kifuniko kilichofungwa kwa pini ya plastiki, ambalo ukilifungua hukuti kijiti ndani yake.

Sasa kuhusu wekundu. Rangi nyekundu ni dawa ya rangi tu, iliyotiwa ili mtu akiona tone chini ya gari ajue kama linatoka kwenye injini au kwenye gia. Kanzu nyeupe zinafanana, lakini si kila aliyevaa kanzu ni imamu. Ndani ya gia boksi ya otomatiki oili hubeba kazi ambazo oili ya injini haizijui: inapeleka nguvu ya injini ndani ya tokikonveta, lile bakuli la chuma linalokaa mahali ambapo gari la kawaida lina klachi, inasukuma valvu na pistoni kwa shinikizo, inapoza, inalainisha, na wakati huohuo inatakiwa iziache sahani za klachi zishikane. Hilo la mwisho ndilo linalotofautisha oili moja na nyingine. Oili inayoteleza mno itaziacha sahani zisuguane mpaka ziungue, na isiyoteleza vya kutosha itazifanya zidakane ghafla, nawe utasikia mshtuko mgongoni.

Kila kiwanda, basi, hupanga sahani zake na oili yake pamoja. Zamani viungo vya kurekebisha mtelezo vilitoka hata kwenye mafuta ya nyangumi. Oili nyingi za otomatiki za Marekani ziliyatumia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, uwindaji wa nyangumi ulipobanwa na sheria na wakemia wakalazimika kutafuta badala yake. Nalitaja kwa sababu watu hudhani oili ya gia ni mafuta ya taa yaliyotiwa rangi.

Katika 722.6 kuna jambo moja ambalo Dexron III haikutengenezwa kulikabili. Ndani ya tokikonveta kuna klachi inayofunga ili injini na gia viende pamoja na petroli isipotee bure. Katika magari mengi ya zamani klachi hiyo hufunga au hufunguka, basi. Katika 722.6 kompyuta huiacha iteleze kidogo kwa makusudi, kwa muda mrefu, ili kumeza mitetemo ya injini. Sahani inayoteleza hivyo kutwa nzima inahitaji oili ambayo mtelezo wake haubadiliki ikipata moto na ikizeeka. Ukiweka isiyofaa, kwa wiki kadhaa huoni kitu, na ndiyo maana kosa hili halikomi katika gereji zetu.

Niliwahi kulifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa bado kijana wa spana hapa Kigoma, gari la mteja lilikuwa E ya umbo kama la kwako, duka la spea halikuwa na oili yake, nami nikatia Dexron niliyokuwa nayo kwa sababu mteja alikuwa na msiba Kasulu na hakuweza kusubiri. Akaenda na kurudi salama. Mwezi wa pili akarudi akilalamika kwamba barabara imeharibika. Nikapanda naye. Kwenye lami iliyonyooka, mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu, gari likaanza kutetema sakafuni kama linapita juu ya rasta. Nikamwambia akanyage mafuta zaidi, mtetemo ukakoma, akalegeza, ukarudi. Barabara haikuwa na rasta hata moja. Tulimwaga oili ya sampo na kutia sahihi mara tatu, tukiliendesha siku kadhaa kati ya mara moja na nyingine, kwa sababu kila ukimwaga sampo peke yake karibu nusu ya oili hubaki kwenye tokikonveta: baada ya mara ya kwanza inabaki nusu, baada ya ya pili robo, baada ya ya tatu sehemu moja ya nane. Mtetemo ulikwisha, lakini oili nilinunua kwa fedha yangu.

Namba za Mercedes nazo zina mtego wake. Gia boksi hii ilipotoka ilitumia oili ya 236.10. Baadaye zikaja 236.12 na 236.14, na kiwanda kikaruhusu zirudi kutumika katika 722.6, hivyo 236.14 ndiyo inayopatikana kwa urahisi leo na ndiyo ninayokushauri. Muuzaji akikuonyesha 236.15 na kukuambia kwamba ni mpya zaidi kwa hiyo ni bora zaidi, mshukuru na uiache. Hiyo ni nyepesi zaidi, ilitengenezwa kwa ajili ya gia boksi za hatua saba zilizokuja baadaye, na haikuruhusiwa kurudi nyuma hadi kwenye yako. Namba kubwa si daraja la ubora kama alama za mtihani.

Makopo yanayobeba idhini hiyo ni pamoja na Shell ATF 134, Fuchs Titan ATF 4134 na Mobil ATF 134. Zingatia neno linalotangulia namba. Palipoandikwa MB-Approval 236.14, maana yake ni kwamba oili hiyo imepimwa na Mercedes na kupewa idhini. Palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba inafaa au inapendekezwa kwa 236.14, hayo ni maneno ya muuzaji juu ya bidhaa yake, na yanaweza kuwa kweli au yasiwe. Kopo lako la magari yote ni la kundi hilo la pili. Ukiligeuza nyuma utakuta orodha ndefu ya namba za Kijapani, za Kijerumani na za Kimarekani, na mimi sijawahi kuelewa jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa chepesi kwa huyu na kizito kwa yule kwa wakati uleule.

Kwa Tabora sidhani utaikuta rafuni. Itabidi iagizwe Dar es Salaam na ipakiwe kwenye basi au kwenye treni, kwa hiyo agiza na vingine ndani ya boksi hilohilo ili gari lisikae juu ya mawe kwa wiki mbili likisubiri mpira wa shilingi elfu chache. Vinavyohitajika ni filta, namba A 140 277 00 95. Gasketi ya sampo, namba A 140 271 00 80. Na ile plagi ya pini 13 pamoja na mipira yake, namba A 203 540 02 53. Mwombe anayekununulia akupigie picha ya kopo mbele na nyuma, lakiri ya mfuniko, na namba ya toleo iliyochapwa, kabla hajalipa. Kopo ambalo namba ya toleo imefutika au mfuniko wake unazunguka bila kukata pete, lisipakiwe.

Usinione mkali nikiisisitiza plagi hiyo. Mipira yake ikikauka, oili huvuja hapo pole pole, na mbaya zaidi hupanda ndani ya nyaya kama mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari, hadi kwenye kompyuta ya gia. Wewe umesema gari lilikataa kupanda gia na likapona ulipolizima na kuliwasha. Hiyo ni dalili ya kompyuta kuona hitilafu na kujikinga kwa kuishikilia gia moja. Sababu inaweza kuwa oili iliyopungua, inaweza kuwa plagi iliyolowa, na inaweza kuwa bamba la umeme lililo ndani, lenye vipima mwendo viwili, ambalo huzeeka katika gia boksi hizi. Kabla ya kununua hata lita moja, basi, tafuta mwenye kompyuta ya kusomea magari inayoweza kuingia kwenye moduli ya gia, si injini peke yake, na aandike kwenye karatasi namba za hitilafu alizozikuta. Oili sahihi haitaponya kipima mwendo kilichokufa.

Siku ya kazi, mwambie fundi asimwage oili ya zamani chini wala kwenye ndoo chafu, bali kwenye beseni safi, kisha aipime kwa vipimo vya lita. Ikitoka lita tano wakati ilitakiwa itoke saba, umeshajua kwa nini gari lilikuwa linashtuka. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Oili mpya ni nyekundu kama juisi ya rosela. Iliyofanya kazi kwa haki huelekea rangi ya asali ya mgando ya huko kwenu, na hiyo haitishi. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua ni ya sahani zilizosagika. Ikiwa ya waridi, nzito kama mtindi uliotiwa rangi, simamisheni kila kitu: maji ya rejeta yameingia kwenye gia kupitia kipozeo kilichomo ndani ya rejeta, na maji yale yenye dawa hulegeza gundi ya sahani. Hapo rejeta hubadilishwa kwanza, na gia boksi kwa kawaida hufunguliwa.

Ndani ya sampo kuna sumaku. Tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida kwa gari la umri huo, lipanguse. Vipande vinavyometa, ambavyo ukivifikicha kati ya vidole vinakuna, ni chuma cha ndani, na hakuna kopo litakalokirudisha mahali pake. Hapa ndipo nijibu hofu ya kwamba kubadilisha oili kwenye gari la zamani huua gia. Mara nyingi mwenye gari hakumbuki oili mpaka gia imeanza kuteleza, akabadilisha, gia ikafa mwezi uleule, oili mpya ikalaumiwa. Mgonjwa alifika hospitali amechelewa. Ninachokataa ni ile mashine ya kusafisha kwa kusukuma oili kwa nguvu, kwani huamsha uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu. Kumwaga, kubadilisha filta na kujaza kunatosha.

Aliyekuuzia gari alirudia walichosema wenyewe wa kiwandani: 722.6 ilitoka na ahadi kwamba oili yake ni ya maisha. Baadaye Mercedes ilirekebisha kauli na kuagiza ibadilishwe ikifika kilomita 60,000. Lako, la mwaka 1999, limeshazipita mara kadhaa.

Tokikonveta za gia boksi hizi, hasa za miaka ya mwanzo, nyingi zina kizibo chake cha kumwagia. Fundi azungushe injini kwa spana ya 27 kwenye puli ya mbele, kwa mwelekeo wa saa, mpaka kizibo kitokeze kwenye tundu, kisha amwage na hapo pia. Akikikosa, mtafanya kama nilivyofanya mimi, kwa awamu. Boliti za sampo ni za nyota, namba T30, na zinataka kukazwa nyutoni-mita 8 tu, yaani mkono wa mtu mzima bila bomba la kuongezea. Sampo nyingi zinazovuja nimezikuta zimepinda kwa kukazwa kupita kiasi.

Swali lako la mwisho, la kujua imetosha, naliona zito kuliko la kwanza. Kijiti hakipo kwa sababu kiwanda kilitaka kiwe cha gereji. Vinauzwa virefu vyenye alama mbili, ya nyuzi 25 na ya nyuzi 80, na kimoja kinatosha gereji zote za Tabora. Alama ya 25 ni ya kuanzia tu, ili gari liweze kuwashwa. Inayohukumu ni ya 80. Gari lisimame mahali tambarare kabisa, injini ikinguruma, gia ikiwa P, baada ya kuendeshwa kama nusu saa na kupitishwa kwenye kila gia. Oili ikipata moto hupanda sana, hivyo ukipima asubuhi ya Julai na ukapima mchana wa Oktoba bila kujua joto lake, utapata majibu mawili ya gari moja. Mwenye kompyuta asome joto la gia, lakini asisome gia ikiwa P au N, kwa sababu katika nafasi hizo waya wa kipima joto hukatwa na kompyuta huonyesha joto la injini badala yake. Kanyaga breki kwa uthabiti, weka D, soma, kisha rudisha P na upime kijiti. Nimeona mafundi wazuri wakikosea hapo na kumjaza mtu lita nzima ya ziada. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikatoa povu, na povu halibebi shinikizo. Ikipungua, pampu huvuta hewa, na matokeo ni yaleyale. Ongeza kidogo kidogo, robo lita kila mara, kwa faneli ndefu yenye kitambaa safi.

Kuna jirani yako mwenye Toyota Crown ambaye, umeandika, anataka kununua oili pamoja nawe ili kupunguza nauli ya mzigo. Asinunue hii. Crown za kizazi cha 1999 hadi 2003 hutumia Toyota T-IV, na zilizofuata, za hatua sita, hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi na haichanganywi na T-IV. Akasome kwenye kijiti chake kama anacho, maana Toyota huandika jina la oili juu ya chuma chenyewe.

Kazi ikiisha, endesha taratibu siku ya kwanza, kwa kuwa kompyuta ilishajizoesha na oili iliyochoka na itahitaji muda kujirekebisha. Mishtuko midogo ya siku mbili tatu isikutie wasiwasi. Baada ya kilomita 500 hivi, tuseme ukishakwenda Nzega na kurudi mara mbili, pimeni tena katika nyuzi 80. Kama kiwango kimeshuka, msiongeze kabla ya kupitisha karatasi nyeupe chini ya ile plagi ya pini 13.